Mji wa Mvita na Ngome ya Yesu

Katika pwani ya Afrika Mashariki ni vigumu kupata jengo lililopiganiwa mara nyingi kama Ngome ya Yesu ya Mombasa. Wenyeji huiita Ngome tu, wala hawana haja ya kuongeza neno. Kuta zake zina kimo cha futi 50 hivi na unene upatao futi 8, nazo zimesimama kwa miaka zaidi ya 400. Lakini mtu aisomaye habari yake kwa uangalifu ataona jambo la kustaajabisha. Mara nyingi ngome hii ilipotekwa, haikutekwa kwa kubomolewa. Walioipoteza walishindwa na njaa, maradhi, uchache wa watu, au ugomvi wao wenyewe na wenyeji wa mji. Ili sababu za jambo hilo zionekane, yafaa kujifunza kwanza namna mahali palivyo, kisha habari za mji, na mwisho habari za ngome.

MAHALI PALIVYO

Mombasa ni kisiwa kidogo cha mwamba wa matumbawe, kilichokaa katikati ya mikono miwili ya bahari. Mbele yake, upande wa bahari kuu, pana mwamba mrefu wenye kuyavunja mawimbi, na katika mwamba huo pana mlango ambao vyombo hupita. Chombo kikiisha kuingia mlango huo hukuta njia mbili. Ya kwanza hupita kusini na magharibi ya kisiwa; hiyo ndiyo Kilindini, na jina lenyewe laonyesha kwamba maji yake ni ya kina kirefu. Ya pili hupita mashariki ya kisiwa na kufika katika Bandari ya Kale, ulipo Mji wa Kale.

Katika zama za matanga, mabaharia waliipenda njia hii ya pili. Maji yake yalitosha kwa majahazi, na bandari ilikuwa imefichika na mawimbi. Pepo za kaskazi, zivumazo kati ya Desemba na Machi, zilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, navyo vikachukua tende, nguo, mazulia na vyombo vya udongo. Pepo za kusi zilipoanza, karibu na Aprili, vyombo vilirudi na pembe za ndovu, boriti na nafaka, na kwa muda wa karne nyingi vilichukua pia watu waliouzwa utumwani.

Upande wa magharibi kisiwa kimekaribiana sana na bara, mahali paitwapo Makupa. Zamani, maji yalipokupwa, mtu aliweza kuvuka hapo kwa miguu. Kwa hiyo Mombasa ilikuwa kisiwa kwa adui ajaye kwa merikebu, lakini haikuwa kisiwa kamili kwa adui ajaye kwa nchi kavu. Tena kisiwa hakikuwa na mashamba ya kuutosha mji. Chakula kingi kilitoka bara, kwa watu wa vijiji vya huko, ambao kwa kuwa walikuwa mbali na mizinga waliweza kukileta au kukizuia. Msomaji na aliweke jambo hilo moyoni, maana litaonekana tena.

MJI KABLA YA NGOME

Mji ulikuwako karne nyingi kabla ya ngome. Jina lake la asili ni Mvita, na lugha ya wenyeji wake huitwa Kimvita hata leo. Wazee husimulia kwamba mji wa kwanza, ulioitwa Gongwa, ulitawaliwa na malkia Mwana Mkisi, na kwamba baadaye ukaja utawala wa Shehe Mvita. Al-Idrisi, mwanachuoni wa jiografia, aliutaja mji huu katika kitabu chake karne ya 12. Mwaka 1331 alifika Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, akalala usiku mmoja. Aliandika kwamba watu wake ni wacha Mungu, kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, kwamba nafaka huletewa kutoka pwani ya bara, na kwamba misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa. Hivyo miaka mia mbili na zaidi kabla ya ngome kujengwa, mgeni wa usiku mmoja alikwisha kuona kwamba mji huu hula chakula cha nje.

Wenyeji wa mji walijipanga kwa taifa 12, nazo zimegawanyika katika makundi mawili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni taifa 9 zilizobaki, wakiwamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi na Wamtwapa. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake, na kila mtawala aliyekuja kutoka nje ilimbidi kupatana nayo. Waliosahau jambo hilo walijuta.

Vasco da Gama, nahodha wa Wareno, alifika mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Hakupokewa kwa imani, akaenda zake Malindi, ambako mfalme alimpokea vema. Tangu siku hiyo Malindi ikawa rafiki wa Wareno na Mombasa ikawa adui yao. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupiga mji, akauteka nyara na kuutia moto. Mwaka 1528 Nuno da Cunha naye akaja akautwaa. Lakini kila mara Wareno walipoondoka, wenyeji walirudi, wakachoma chokaa mpya, wakajenga nyumba zao tena.

KUJENGWA KWA NGOME

Jambo lililowafanya Wareno kutaka kukaa Mombasa lilikuwa hofu ya Waturuki. Nahodha wa Kituruki, Ali Bey, alikuja pwani hii mara mbili kati ya mwaka 1585 na 1589, na Mombasa ikampokea kama mwokozi. Mwaka 1589 Wareno walileta merikebu nyingi kutoka Goa katika Bara Hindi. Wakati huo huo Wazimba, watu wa vita waliopanda pwani kutoka upande wa mto Zambezi, walikuwa wakingojea ng'ambo ya Makupa. Mji ukapata adui pande mbili. Wareno waliziharibu merikebu za Waturuki, Wazimba wakavuka Makupa, na Ali Bey akachukuliwa mateka. Wazimba walipokwenda Malindi walishindwa na Wasegeju. Baadaye Wasegeju hao waliishika Mombasa, na mfalme wa Malindi, rafiki wa Wareno, akahamia kisiwani.

Ndipo mwaka 1593 ngome ilipoanza kujengwa. Aliyeichora alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, fundi mkuu wa majenzi wa Wareno katika Bara Hindi. Waashi na mafundi waliletwa kutoka Goa. Mahali palipochaguliwa ni mgongo wa mwamba wa matumbawe, penye mdomo wa Bandari ya Kale, hata chombo chochote kiingiacho lazima kipite chini ya mizinga. Jina la Yesu lilitokana na desturi ya Wareno ya kuyapa maboma yao majina ya dini. Kazi kubwa ilikwisha mwaka 1596.

Yafaa kueleza umbo lake. Zamani kuta za maboma zilijengwa ndefu na nyembamba, ili kuwazuia watu wenye ngazi na mishale. Mizinga ilipoenea, kuta za namna hiyo zilivunjika upesi. Mafundi wa Italia wakabuni kuta nene, zilizo na buruji zenye kujitokeza pembeni. Askari aliyesimama juu ya buruji moja aliweza kupiga kando ya ukuta mpaka buruji ya pili, kwa hiyo adui hakupata mahali pa kujificha chini ya ukuta. Ngome ya Yesu ina buruji 4. Upande wa bara ni S. Filipe na S. Alberto, upande wa bahari ni S. Matias na S. Mateus. Kati ya hizo mbili za baharini pana sehemu iliyojitokeza kuelekea maji. Mtu akiitazama ramani yake huona mfano wa mwili wa mtu aliyelala, kichwa kikielekea baharini. Upande wa bara mwamba ulikatwa ukawa handaki.

Ndani mlikuwa na kanisa, nyumba ya kapiteni, kambi za askari, na birika kubwa la kukinga maji ya mvua. Baadaye Waarabu walichimba kisima kirefu, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi, yakafaa kuoshea tu. Basi ngome ilikuwa na mawe ya kutosha na mizinga ya kutosha, lakini chakula chake chote kilitoka nje, na maji yake yalitegemea mbingu.

MFALME YUSUF

Urafiki wa Wareno na mfalme aliyetoka Malindi haukudumu. Mfalme Hasan bin Ahmad aligombana na kapiteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko mwaka 1614 kwa hila za kapiteni huyo. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, alipelekwa Goa. Huko alilelewa na mapadre, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akajifunza ubaharia na kutumia mizinga. Alipokuwa mtu mzima Wareno walimrudisha Mombasa awe mfalme, wakidhani wamepata mtu wao kabisa.

Lakini makapiteni walimdharau, na watu walimwona akiomba dua kwa desturi ya Kiislamu penye kaburi la baba yake. Habari zikamfikia kapiteni. Mwezi wa Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni pamoja na watu wake, kana kwamba amekuja kumwamkia kapiteni, Pedro Leitão de Gamboa. Akamwua, ngome ikatwaliwa, na Wareno wa mjini, wanaume kwa wanawake, wakauawa pamoja na Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha dini yao.

Mwanzoni mwa mwaka 1632 merikebu za Kireno zilikuja kulipiza kisasi. Walishambulia kwa muda wa miezi miwili na zaidi wasiweze kuingia, maana sasa kuta walizozijenga wao zilikuwa zikimlinda mtu waliyemfundisha wao. Hata hivyo Yusuf hakuweza kukaa. Aliharibu alivyoweza kuharibu, akaondoka kwa merikebu, akawa mtu wa kutangatanga baharini mpaka alipokufa mwaka 1638. Wareno wakairudia ngome tupu. Maandishi ya mwaka 1635 yaliyochongwa juu ya mlango mkubwa bado yasomeka, yakimsifu kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuitengeneza tena na kuwatiisha watu wa pwani.

MAZINGIWA YA 1696 HATA 1698

Watu wa pwani walipochoka na Wareno walipeleka maombi Oman. Imamu Saif bin Sultan akapeleka majeshi, nayo yakafika Mombasa tarehe 13 Machi 1696. Waomani hawakuwa na mizinga ya kutosha kuzivunja kuta. Waliushika mji, wakaizingira ngome, wakangoja.

Ndani walikuwamo Wareno wachache, pamoja na Waswahili na Waafrika wengi waliokuwa upande wao, wakiwamo wanawake na watoto. Msaada uliotoka Goa mwishoni mwa mwaka 1696 ulileta askari na chakula, lakini maradhi yakaingia na kuenea kama moto wa nyika. Ilipofika katikati ya mwaka 1697 Wareno wote wa ngomeni walikuwa wamekufa. Aliyeishika ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake wachache, wanaume wengine wachache, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Wanawake hao walilinda kuta kwa silaha mpaka msaada mwingine ulipofika Septemba. Majina yao hayakuandikwa, lakini kazi waliyoifanya iliandikwa hata na Wareno.

Katika msaada huo ilikuwamo merikebu ya vita Santo António de Tanná, ambayo ilizama mbele ya ngome mwezi wa Oktoba 1697. Mazingiwa yakaendelea mwaka mwingine mzima, na askari wapya nao wakafa kwa maradhi. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipanda kuta kwa ngazi. Waliobaki hai ndani walikuwa watu kama 12 tu. Siku chache baadaye merikebu za msaada zilitokea, zikaona bendera ya Oman juu ya kuta, zikageuka. Muda wa mazingiwa ulikuwa miezi 33.

WAMAZRUI, SEYYID SAID NA WAINGEREZA

Mwaka 1728 askari wa Oman waligombana wao kwa wao, na Wareno wakairudia ngome bila taabu kubwa. Lakini waliwatendea wenyeji kwa ukali ule ule wa zamani. Wenyeji wakaondoka kwa pamoja, wakazuia chakula, na mwezi wa Novemba 1729 askari wa Kireno walisalimu amri kwa njaa. Huo ukawa mwisho wa utawala wao Mombasa.

Oman ikaweka maliwali wa ukoo wa Mazrui. Nasaba ya Busaidi ilipotwaa utawala huko Oman, Liwali Muhammad bin Uthman alikataa kuitii, akauawa karibu na mwaka 1746. Ndugu yake Ali bin Uthman alifungwa ngomeni, akatoroka, akarudi na watu wa mji, akaitwaa. Tangu hapo Wamazrui walitawala Mombasa kwa kupatana na taifa 12. Ndizo zama za Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mvita, ambaye tungo zake zilikuwa silaha ya mji dhidi ya adui zake.

Seyyid Said wa Oman alipozidi kuwabana, Wamazrui waliomba ulinzi wa Waingereza. Mwaka 1824 Kapiteni Owen wa manowari Leven aliukubali, akamwacha Luteni Reitz, aliyekufa kwa homa mwaka ule ule. Port Reitz yaitwa kwa jina lake. Serikali ya Uingereza haikuuthibitisha ulinzi huo, na mwaka 1826 Waingereza waliondoka. Mwaka 1828 Seyyid Said alipata kuweka askari wake ngomeni, nao wakazingiwa wakatolewa kwa njaa. Mwaka 1837 alifanikiwa, kwa sababu safari hii Wamazrui wenyewe walikuwa wamegombana, na wazee wa Thelatha Taifa walikuwa upande wake.

Mara moja tu katika siku hizo mizinga ndiyo iliyokata shauri. Mwezi wa Januari 1875 Akida Muhammad bin Abdallah aliasi ngomeni juu ya Seyyid Barghash wa Unguja, na manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zikaipiga ngome mpaka akasalimu amri. Zama za mizinga mipya zilikuwa zimefika, na kuta za Cairati hazikuwa kinga tena.

Tangu mwaka 1895, Waingereza walipoishika nchi, ngome ilifanywa gereza. Bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja iliendelea kupepea juu yake mpaka mwaka 1963, maana mwambao wa maili 10 ulikuwa mali ya Sultani kwa mkataba, mpaka ulipokabidhiwa Kenya wakati wa uhuru.

MJI WA KALE

Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na meli kubwa za moshi ziliihamishia biashara Kilindini, penye maji ya kina. Bandari ya Kale ikabaki kwa majahazi, na Mji wa Kale haukubomolewa ili kupisha maghala. Njia yake kubwa huitwa Ndia Kuu, kwa Kimvita safi. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe uliochongoka, umekuwapo tangu karne ya 16. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, ndiyo sababu vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Milango ya kuchongwa, baraza za mawe na roshani za mbao zaonyesha kazi ya Waswahili, Waarabu na Wahindi waliokaa mtaa mmoja. Vichochoro ni vyembamba ili jua lisiingie na upepo wa bahari upite.

NGOME HIVI LEO

Gereza liliondolewa mwaka 1958, na ngome ikafanywa mahali pa ukumbusho wa taifa. Bwana James Kirkman aliongoza kazi ya kuchimbua na kutengeneza, kwa fedha zilizotolewa na Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wazamiaji waliichunguza merikebu Santo António de Tanná chini ya maji, na vitu vingi vilivyotolewa humo vimewekwa ngomeni. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandika ngome katika orodha ya urithi wa dunia.

Adui aliyebaki ni maji. Mawimbi hula mwamba ulioichukua ngome, na imebidi kujenga ukuta wa kuyazuia. Katika Mji wa Kale mvua hufanya kazi ile ile: paa ikivuja, chokaa hulegea, boriti huoza, na nyumba ya miaka 150 huanguka kwa masika machache. Ngome ina serikali ya kuitunza. Nyumba hutunzwa na wenyewe wakaao ndani, na wengi wao hawana uwezo wa kununua chokaa na boriti kama mababu zao walivyokuwa nazo. Wareno walishindwa kuishika ngome bila ya mji. Wanaoitunza leo nao watafanya kazi nusu wakiyaokoa mawe ya kapiteni na kuziacha nyumba za watu wa Mvita zianguke.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa sababu gani Makupa palikuwa mahali pa hatari kwa mji wa Mombasa?
2. Eleza faida ya buruji zenye kujitokeza katika vita vya mizinga.
3. Taja mara mbili ambazo walinzi wa ngome walishindwa kwa njaa, na mwaka wa kila moja.
4. Ni nani walioilinda ngome katikati ya mwaka 1697?
5. Kwa nini meli kubwa zilikwenda Kilindini na kuiacha Bandari ya Kale?